Andazi la Tarehe Ishirini na Tano

Kila tarehe ishirini na tano, mshahara ukiingia, fundi wa lifti hufuta grisi vidoleni, hubonyeza simu na kununua kipande cha mfuko wa uwekezaji wenye hisa za kampuni za dunia nzima, akiba yake ya uzeeni. Kisha humega andazi la iliki polepole, macho yakielea mbali kama ya mtu aliye ndotoni.

Mwezi ule soko la hisa liliporomoka. Gunvor, mwenzake wa zamu, alikuwa ameshauza vipande vyake vyote.

"Uza, mzee! Utastaafu na nini, bisibisi?"

Fundi alitazama theluji ikishuka juu ya jiji la Göteborg.

"Dada, bei ikishuka sokoni, wewe hukimbia na kapu tupu?"

Akafuta grisi vidoleni, akabonyeza simu na kununua kama kawaida. Ila andazi, Gunvor aliona, fundi hakuligusa.