Kijia cha Watu wa Baiskeli

Madereva wa barabara ya Mombasa niliwajua kwa honi zao. Kulikuwa na yule aliyepiga moja fupi, kukujulisha tu kwamba yuko nyuma yako. Huyo nilimwombea heri. Kulikuwa na yule aliyeanza kupiga akiwa mbali na hakuacha mpaka utoke kwenye lami, utadhani baba yake ndiye aliyeimwaga. Na kulikuwa na yule aliyenyamaza hadi akukaribie kabisa, ndipo akakupigia ya kukushtua, ili kondakta wake apate kicheko cha asubuhi. Basi lililonitupa mtaroni mara nyingi kuliko mengine yote lilikuwa limeandikwa nyuma, kwa rangi nzuri, kwamba haraka haraka haina baraka. Maneno hayo niliyasoma nikiwa nimelala kwenye nyasi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilifundisha shule ya msingi karibu na Malili, na nyumba yangu ilikuwa kwenye miteremko ya Kilungu. Asubuhi niliteremka kwa baiskeli hadi barabara kuu, kisha nikaifuata lami mpaka shuleni. Jioni nilirudi, na mlima niliupanda kwa miguu nikiisukuma baiskeli. Miiba ilinitoboa magurudumu, na ukingo wa lami ulikuwa umelika hivi kwamba ukishuka ghafla ulianguka. Nilifika darasani vumbi limejaa hadi kwenye kope, watoto wakaniamkia huku wakibana vicheko. Kazi ilikuwa ni kazi.

Sikuwa peke yangu. Jirani yangu aliuza misumari na mabati katika duka la mtu huko Malili, na tulisali kanisa moja. Kila siku ya kazi tulikwenda pamoja, mmoja mbele, mwingine nyuma. Wa mbele aliangalia mashimo. Wa nyuma alisikiliza. Akisikia lori au basi aliita, "Kubwa!" na wa mbele alitoka kwenye lami bila kugeuka. Gari dogo lilikuwa "Ndogo!" na hapo ulisogea tu. Mahali pa nyuma ndipo pa hatari, kwa hiyo tulibadilishana zamu tukifika darajani, yeye nusu ya njia, mimi nusu. Sijawahi kumwamini mtu yeyote jinsi nilivyomwamini yule. Mke wangu hakubahatika kuaminiwa hivyo.

Kijia cha baiskeli kilikuwa wazo lake. Kuna mahali barabara inapanda kilima, malori yanakokota, na wenye magari madogo wanashikwa na wazimu wa kutaka kupita. Hapo ndipo wengi wetu tuliumia. Jirani yangu akasimama kanisani siku moja baada ya matangazo, akaomba mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo kwetu hufanywa kwa zamu katika mashamba ya watu. Akasema safari hii hakuna shamba la mtu, ni la wote wenye baiskeli. Jumamosi kadhaa tukatoka na majembe na sururu, akina mama wakaleta uji na isyo ya mahindi na maharagwe, tukachimba kijia kando ya lami, juu ya mtaro, upana wa kutosha watu wawili kupishana. Kilipokwisha alikanyaga udongo kwa kisigino akauona umeshika. "Hapa ni petu," akasema. "Gari ikifika hapa, ujue imekuja kuua mtu."

Tukacheka. Lakini msemo huo ulienea, hata watoto wangu wa shule wakawa wanausema.

Baadaye Mungu akambariki. Akafungua duka lake mwenyewe na akanunua pikapu kuukuu. Nilifurahi kana kwamba ni yangu. Kanisa likaiombea, na mimi nikasoma zaburi nikiwa nimeegemea boneti. Kwa kuwa nina hati nzuri, aliniomba nimwandikie maneno kwenye mlango wa nyuma wa pikapu. Nikaandika kwa rangi nyeupe, TUTAFIKA TU, maneno tuliyokuwa tukiambiana tukisukuma baiskeli mlimani.

Mwanzoni alinibeba, mimi mbele na baiskeli yangu nyuma. Kisha nafasi ikawa ya saruji. Nikarudi kwenye baiskeli bila kinyongo, na yeye akawa anapita akinipigia honi moja fupi, nami nainua mkono. Siku zikapita, honi ikarefuka. Asubuhi moja nilimkuta Malili akipakua mabati, akaniambia kwa utani, "Mwalimu, nyinyi watu wa baiskeli mnatusumbua kwa barabara." Nilicheka pia. Ila lile neno nyinyi lilinikaa kooni hadi saa ya chakula.

Sasa nilikuwa peke yangu, na mtu wa peke yake hawezi kuangalia mashimo na kusikiliza kwa wakati mmoja. Nilishukuru kwamba kilimani kulikuwa na kijia. Pale nilipumzika, hata nikaimba wimbo.

Siku moja nilikuwa juu ya kijia hicho nikirudi nyumbani, jua lingalipo. Kwenye lami malori mawili yalikuwa yakipanda polepole, yamefuatana. Nikasikia injini nyuma yangu, karibu mno, na matawi yakivunjika. Kichwa kikakataa. Gari gani lingekuja huku? Kitu kikanipiga begani, nikarushwa mtaroni, baiskeli ikanifuata. Nilipoinua uso niliona mlango wa nyuma wa pikapu ukienda zake, na hati yangu mwenyewe, nyeupe, TUTAFIKA TU.

Taa za breki ziliwaka. Nilizitazama, na nakiri nilitulia moyo, kwa sababu nilijua anashuka, anakuja mbio, tutalia na tutacheka. Nikaona kichwa chake kikigeuka dirishani. Alinitazama. Kisha taa zikazimika, pikapu ikarudi kwenye lami mbele ya malori, ikaondoka.

Aliyeniokota ni dereva wa lori, mtu wa Mombasa, mmoja wa wale niliokuwa nawalaani kila asubuhi. Alisimamisha lori katikati ya mlima, honi zikilia nyuma yake, akanibeba mgongoni. Mtulinga, mfupa wa begani, ulikuwa umevunjika. Gurudumu la mbele la baiskeli lilikuwa limekunjika kama chapati.

Nilimwambia mke wangu peke yake. Sikutaka polisi wala fidia, nilitaka jirani yangu aje aseme, "Ni mimi." Katika ushirika wetu ndivyo ilivyo: aliyekosa huenda kwa aliyekosewa, huketi, husema kosa lake kwa jina lake, mnaomba pamoja, mnakunywa chai, na jambo limekwisha. Mke wangu aliweka chai ya ziada kwenye chupa kila jioni. "Atakuja," alisema. Kikombe chake kilikaa mezani, na asubuhi chai hiyo tuliinywa sisi. Nilimtetea moyoni: labda anaogopa, labda duka, labda kesho. Kisha hasira ikanishika, nikaanza kupanga maneno, na maneno yangu yalikuwa makali.

Jumapili niliyoweza kutembea nilikwenda kanisani, mkono umefungwa shingoni. Baada ya ibada watu walinizunguka nje kunipa pole. Na yeye akaja. Nikasema moyoni, sasa. Akanishika mkono wangu mzima kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, ndugu," akasema, na watu wote wanasikia. "Na huyo dereva hakusimama?"

Nilitafuta aibu machoni mwake. Niliona huruma tu, huruma kamili, ya kutosha mtu na jamaa yake.

"Hakusimama," nikasema. "Na nilikuwa kwenye kijia."

Wazee wakatikisa vichwa. Mama mmoja akasema, si mlituambia gari ikifika pale imekuja kuua? Jirani yangu akaitikia kwamba ni kweli, dunia imeharibika. Maneno yangu makali niliyoyapanga yalikuwa mdomoni, na mkono wangu ulikuwa mikononi mwake. Ndipo akasema tusimhukumu mtu huyo, afadhali tumwombee. Akafumba macho, akaomba kwa sauti yake nzuri, kwamba dereva yule, popote alipo, Bwana amsamehe, na ndugu yetu huyu amsamehe pia kutoka moyoni.

Watu wakaitikia amina. Na mdomo wangu, kwa mazoea ya miaka yote, uliitikia pamoja nao.