Kilio Nilichokikuta Uskoti

Nianze na upumbavu wangu, kabla jirani yangu hajaueneza mtaa wetu mzima wa Laeken: nilikwenda matembezi Uskoti, nikaingia kwenye msiba usio na maiti.

Mimi si mtu wa matembezi. Basilika ya Koekelberg naiona kutoka dirisha la jikoni, na miaka yote hii sijapanda kwenye kuba lake. Dirisha linatosha. Lakini binti yangu, anayetunza wazee katika mji mmoja wa kale huko Uskoti, alininunulia tiketi ya ndege. "Papa, tangu shangazi afariki hautoke tena," alisema kwenye simu. "Utaota mizizi kwa ile kanapé unakaliaka."

Shangazi yake ni dada yangu mkubwa, aliyenilea. Alizikwa Lubumbashi bila mimi. Hati zangu zilikuwa zimekwisha muda, nami nikayatazama mazishi kwenye simu mpaka picha ikaganda. Baada ya hapo nilifunga mlango. Sikuweka kilio, watu waje kukaa nami. Watu walipopiga kengele, nilipunguza sauti ya televisheni.

Basi, binti akiwa kazini, nilijitembeza. Ngome ya mji niliitazama kutoka chini, nikaikubali. Ngazi ni za wenye mashaka. Nikaendelea hadi kanisa la kale lenye makaburi uani. Pale kundi la watu lilikuwa limesimama kimya mbele ya kaburi, na mwanamume mrefu mwenye joho jeusi akiwasemesha kwa sauti ya chini.

Kwetu hupiti kando ya kilio kama unapita kituo cha tramu. Unasimama, hata kama humjui marehemu. Nikavua kofia, nikasimama nyuma. Wakahamia kaburi jingine, nami nikahamia. Maskini, nikawaza, familia hii imezika wengi.

Kwenye kaburi la tatu machozi yakanitoka. Si yale ya kupangusa kwa kidole. Yale yanayotikisa mabega. Mama mmoja aliyekuwa anakula biskuti akaacha kutafuna. Mwishoni nilimwendea yule wa joho, nikampa rambirambi kwa mikono miwili. Akainama, akashukuru, akanipa karatasi yenye picha yake mwenyewe, amekenua meno, ameshika fuvu la plastiki.

Kiingereza changu ni cha sekondari, tena sekondari ya Lubumbashi, lakini picha niliielewa. Alikuwa mwongoza watalii. Wale watu walikuwa wamelipa ili waogopeshwe kidogo kabla ya chai.

Jioni binti alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza, "Papa, ulikuwa unamulilia nani?"

Nikasema upepo wa kule ni mkali. Hakucheka tena.

Niliporudi Laeken nilimsimulia jirani yangu wa ghorofa ya chini, maman mmoja wa kwetu, wa Likasi, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga kengele kuliko wote. Nilijifunika taulo la jikoni begani liwe joho, nikaigiza kila kitu, hata biskuti. Nilitaka acheke. Yeye aliweka kikombe mezani, akaningoja nimalize.

"Donc, dada yako ulimulilia mbele ya ba touristes," akasema, "na siye batu yako ulitufungia mulango. Samedi ikifika unafungua mulango, batu baingie. Chai nitapika miye, na weye utalia muzuri."