Ripoti ya Siri ya Bwana Lin

Novemba 2011 mhariri wangu alinituma Brussels kuripoti mkutano wa Ulaya na Afrika. Niliondoka Dar es Salaam kifua mbele, mwandishi wa gazeti huru. Sasa naona haya hata kuliandika neno hilo.

Siku ya kwanza, ukumbini, nilikaa jirani na Bwana Lin, mwandishi Mchina aliyejifunza Kiswahili kwao na kukinyoosha Dar. Alinieleza kazi yao ilivyo: habari tamu huchapishwa, chungu huandikwa katika ripoti ya siri inayosomwa na wakubwa wa Beijing peke yao. Nilimcheka. Nikamwambia kwetu huo si uandishi, ni umbea wa ikulu.

Jioni ya pili tulikwenda Matonge, mtaa wa Wakongo mjini humo, mvua ikinyesha, saluni kwa Papa Kalenga, kinyozi kutoka Kolwezi. Mdogo wake, Ilunga, alifukiwa na udongo katika mgodi wa Wachina, na kampuni ikaziba shimo mwili ukiwa ndani. Mama yao alikuwa hajaanua matanga mwaka wa pili huo. Papa Kalenga alimpa Lin mgongo, akageukia kwangu.

“Bon, miye nataka bamutoe mule, tumuzike,” alisema. “Weye andika. Huyu Muchina ataficha.”

Lin alifungua daftari. Aliuliza jina la shimo, akaandika.

Siku ya tatu, Gare du Nord, nikingoja treni ya uwanja wa ndege, Lin aliniuliza kama nitaiandika. Nikamjibu itatoka ukurasa wa kwanza.

“Yangu hutaiona,” akasema.

Dar, mhariri aliisoma habari yangu, akavua miwani. Hakunikataza. Alinikumbusha tu kwamba jina langu limo katika orodha ya waandishi waalikwa wa Beijing mwezi ujao. Niliifuta mwenyewe. Tukachapa picha ya wakubwa wakipeana mikono, na Beijing nikaenda.

Miezi minne baadaye Papa Kalenga alinipigia simu. Wachina walikuwa wamefukua shimo, Ilunga amezikwa, mama ameanua matanga.

“Merci, mutoto yangu,” alisema, akilia. “Gazeti yako iko na nguvu.”

Palepale nilijua ni ile ripoti ya Lin. Nilimcheka Brussels mtu aliyekuwa mwandishi kuliko mimi. Hilo ndilo nililojifunza, na ningeweza kumwambia Papa Kalenga kwa sentensi moja.

Nilimwambia, “Tumshukuru Mungu, Papa.”