Salamu ya Kushoto

Kazi yangu ni kunyoosha viungo vya watu. Nimeifanya Garissa kwa miaka kadhaa, katika kliniki ndogo yenye vitanda viwili, feni moja na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ukikaa hapa muda wa kutosha unautambua ugonjwa kabla mgonjwa hajaketi. Mwenye duka anayeshinda amesimama juu ya saruji, akiwa na ndara nyembamba kama chapati, huingia akikanyagia vidole kwa sababu kisigino kinamchoma, na zaidi hatua za kwanza anapotoka kitandani. Huyo namwambia abingirishe chupa ya maji ya barafu chini ya unyayo, kisha atafute viatu vyenye soli ya maana. Kina mama waliobeba mitungi tangu utotoni huja na magoti. Wanafunzi na makarani huja na shingo zilizoinamia simu. Wazee wengi wana makovu madogo ya mviringo mabegani na magotini, mahali chuma cha moto kiliwekwa zamani kufukuza maumivu. Sibishani nayo. Kwangu hayo makovu ni ramani, yananionyesha pa kuanzia.

Mzee wa shingo aliletwa na binti yake baada ya adhuhuri, saa ambayo mji huu hufunga milango na hata mbuzi huingia chini ya malori. Binti alitangulia. Mzee alifuata akiwa amegeuza uso kulia, kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma ya bega, akaanza kugeuka, asimalize.

"Bole na kazi, daktari," binti alisema, kwa Kiswahili cha huku. "Huyu ni aabo wangu. Shingo yake imekataa kurudi."

"Imekataa tangu lini?"

"Tangu ngamia waishe."

Alinieleza kwa ufupi. Ukame ulipozidi, baba yake aliwaswaga ngamia kuelekea kusini, upande wa Ijara, ambako husemekana majani hayakauki upesi. Safari hiyo yalikuwa yamekauka. Aliyerudi ni yeye peke yake, juu ya lori, na sasa anaishi kwa binti huyu katika bula, mtaa mmoja ukingoni mwa mji.

"Adeer, inauma sana?" nilimuuliza mzee. Hilo ndilo jina la heshima ninalomwitia kila mwanamume wa umri wake.

Alijibu Kisomali, maneno machache. Binti alicheka kidogo.

"Anasema maumivu ni mgeni tu, anaweza kukaa naye. Shida yake ni swala."

Mwislamu akimaliza kuswali hutoa salamu, kwanza kulia, kisha kushoto, na hapo swala imefungwa. Ya kulia mzee aliitoa bila taabu. Ya kushoto ilimshinda, kidevu kiligoma kabla ya kufika katikati ya kifua. Sheikh wa msikiti wao alimwambia mara nyingi kwamba asiyeweza ana udhuru na swala yake ni timamu. Mzee hakutulia.

"Anasema kila akiswali," binti alitafsiri, na sasa hakuwa akicheka, "ni kama ametoka nyumbani akaacha mlango wazi."

Nilimkalisha kwenye kigoda akitazama dirisha. Uso wake ulielekea kulia, kwenye sinki. Nilitaka mwanga uangukie upande wa pili wa shingo, kwa hiyo nikamwomba akae akielekea mlango. Akageuka. Nikaenda kukamua taulo la maji moto, na niliporudi uso wake ulikuwa umeelekea sinki tena. Nilidhani hakunielewa. Nikamgeuza mara ya pili, na safari hii nikasimama kumtazama. Alianza na mabega, kisha makalio yakasogea taratibu juu ya kigoda, kisha magoti, mpaka pua ikarudi palepale. Macho yake yalikuwa yamefumbwa.

"Ndiko Kibla?" nilimuuliza binti.

"Kibla ni huku." Alionyesha upande wa kisogo cha baba yake. "Kule anakotazama ni Ijara." "Watoto wangu hawapiti mbele yake, daktari. Wanasema wakipita wanamzibia mtu njia."

Niliendelea na kazi, maana kazi inatuliza. Msuli wa shingo ulikuwa mgumu kama kamba ya kufungia mzigo, lakini mfupa ulikuwa mzima. Nililainisha kwa joto, nikamfundisha kusukuma shavu dhidi ya kiganja changu na kuachia akitoa pumzi. Sikumlazimisha hata kidogo. Alipoondoka kidevu kilikuwa kimesogea upana wa kidole. Aliporudi, kilikuwa pale pale pa mwanzo. Ikawa hivyo kila safari. Nilichokuwa nakifungua mchana, kuna kitu kilikuwa kikikifunga tena nyumbani. Nikaomba nikapaone anapolala.

Nyumba ilikuwa ya mabati, ya mwisho katika bula, yenye ua uliozungushiwa miiba. Katika chumba cha mzee palikuwa na mkeka, na kwenye mwisho wa mkeka kigogo cha mti kilichochongwa, chenye mguu mmoja mnene na bonde dogo juu, kimeng'aa kwa jasho la miaka. Wasomali hukiita barkin. Mchungaji anayelinda mifugo hukiwekea kichwa ili usingizi usimchukue wote. Akizama mno kichwa kinateleza, anaamka. Mzee alijilaza ili nione. Alilala chali, kichwa upande wa magharibi, akageuza shavu la kulia likakaa kwenye bonde la kigogo. Uso ulitazama kusini.

"Mpaka alfajiri hivyo?"

"Mpaka alfajiri," binti alisema. "Mume wangu hapendi. Anasema mtu hulala vipi akiipa Kibla kisogo."

Nilifurahi kama mtu aliyepata sindano iliyopotea. Nikamwambia binti akifiche kigogo, amnunulie baba mto wa sponji.

Walirudi baada ya siku chache na shingo ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Macho ya mzee yalikuwa mekundu. Binti alisema hajalala tangu kigogo kiondolewe. Anakaa wima, sikio kwenye ukuta wa kusini. Ndipo mzee aliponisemesha Kiswahili kwa mara ya kwanza.

"Wewe meniziba sikio," alisema. "Shingo yangu, sawa, chukua. Sikio ni ya wao."

Binti alinifafanulia. Ngamia jike aliyeongoza kundi alivaa kengele ya mti shingoni. Kwao mnyama akifa njiani, mwenyewe humvua kengele, na kumvua ndiko kukiri kwamba amekwisha. Siku lori lilipopita, jike lile lilikuwa limelala, haliwezi kuinuka, lakini lilikuwa bado likitafuna na kumtazama. Dereva alipiga honi. Mzee alipanda bila kumvua.

"Kwa hiyo anamngoja," nilisema.

"Aliyeachiwa kengele lazima asikilizwe," binti alijibu, kama anayeeleza jambo linalojulikana na kila mtu.

Jioni ile, jua likiwa bado juu, nilirudi nyumbani kwao. Nilisimama kwenye mkeka nikifikiri. Kisha nikauzungusha mkeka, kichwa kikae mashariki na miguu magharibi, nikakirudisha kigogo na kukiviringishia kikoi kiwe laini. Akilala chali sasa, kusini iko kushoto kwake. Akitaka kuwasikiliza, itabidi alalie shavu la kushoto. Mzee alitazama mkeka, akanitazama mimi, akacheka bila meno.

"Nyinyi watu ya Kenya wajanja," alisema. Kisha akagonga kigogo kwa kidole. "Lala."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Nililala. Mti ulikuwa wa moto shavuni hata ukiwa na kikoi, na kupitia taya nikaanza kusikia ardhi: nyayo za binti uani, mchi wa jirani, maji yakimiminwa mahali fulani. Vikakoma kimoja kimoja. Chini yake kukabaki kitu kingine, mti ukigonga mti, polepole, kikinyamaza, kikigonga tena, kwa mwendo wa mnyama asiye na haraka. Niliinua kichwa. Hewani palikuwa kimya kabisa.

"Kuna mkokoteni wa punda huko nyuma?" niliuliza.

"Nyuma ni makaburi, daktari," binti alisema kutoka mlangoni. "Na baada ya makaburi ni nyika tu."

Nyuma yake niliwaona mbuzi wao. Walikuwa wametoka kivulini na kusimama juani, wote wakitazama kusini.

Shingo ilianza kurudi. Sina muujiza wa kusimulia hapo. Msuli ukivutwa upande wa pili kila siku, ukapewa joto na mazoezi, hulegea. Nilipima kwa macho kila alipokuja: kidevu kikafika katikati ya kifua, kikapita, kikakaribia bega. Kwenye kigoda nilimgeuza nilikotaka naye akakaa. Sikuuliza kama bado anasikiliza.

Kisha binti alinipigia simu nikawatembelee, baba anataka niwepo alasiri. Nilikaa kwenye kigoda kando ya mlango wa nyumba, nimevua viatu. Mzee aliswali uani, binti akiwa nyuma yake. Lango la miiba lililokuwa kushoto kwao lilikuwa wazi. Alifika mwisho akatoa salamu ya kulia. Halafu uso ukaanza kurudi. Niliuona ule msuli ninaoujua kwa vidole ukijinyoosha, kidevu kikavuka kifua, kikafika juu ya bega la kushoto. Akasema salamu yake.

Hakugeuka kurudi. Alibaki akitazama lango, kama aliyesalimu na sasa anangoja aitikiwe. Alingoja kwa muda mrefu. Mbuzi walijisogeza wakabanana ukutani, wakaacha katikati ya ua wazi. Mwisho mzee aliinamisha kichwa na kunena jambo kwa sauti ya chini.

Binti aliinuka, akaliburuta lango la miiba, akalifunga na kulikaza kwa kamba.

"Amesema nini?" nilimnong'oneza alipokuwa akirudi.

"Amesema nifunge. Wameshaingia wote."

Kutoka langoni hadi nilipoketi palikuwa na mchanga mtupu, na njia iliyonyooka. Binti hakuipita. Alizunguka pembeni, taratibu, akiinua pindo la gauni lake la dira, kama apitavyo mtu pembeni ya ngamia waliolala.