Nusu ya Chini

Ukitaka kumkasirisha Kipkirui mwaka ule wa tisini na sita, ulikuwa unamwuliza tu, "Na ile nusu yako iko aje?" Hapo angeokota jiwe.

Shule aliacha darasa la saba, lakini hesabu za kugawanya shamba alikuwa moto. Kwa hivyo baba yao alipokufa akaacha eka sita, kutoka barabarani kuteremka mpaka mtoni, kaka zake Johana na Noah walimpa yeye kalamu. Akapanga hivi: mama yao, Edinah, apate robo. Inayobaki igawanywe sawa kwa vijana watatu.

"Inabaki robo tatu. Watu ni watatu. Kila mtu robo," akasema, hata kichwa hakukuna.

Wakakubali. Akachora mwenyewe: wakubwa juu, yeye na mama chini, kwa chai iliyokomaa na maji karibu.

Wiki mbili baadaye ndio Johana alishtuka. Kwetu kitinda mimba ndiye anabaki na boma la mama. Robo yake, robo ya mama. Hiyo ni nusu!

"Weri, kijana wewe, umetuchezea!"

"Si mlikubali? Ama mnataka nirudie na vidole?"

Kaka zake wakanyoosha seng'enge chini ya shamba zao, mwanzo mpaka mwisho, wakaacha kageti kamoja kwa Johana. Mama apite. Kikapu cha Kipkirui, hapana. Ng'ambo ya mto ni chai ya kampuni, na askari wa huko ana mbwa watatu.

Maswali ya shule yana shamba, yana watoto, yana jibu. Barabara hayana. Na majani ya chai hayangoji mtu: yakilala kwa kikapu yanashika joto yanaungua, na kituo cha chai kule barabarani hakuna anayeyapokea.

Siku ya kwanza ya kuchuna alisimama kwa kageti na kikapu mgongoni. Lori la majani lilishapiga honi kwa kona.

"Fungua, Johana!"

"Fungu la mama tugawane sisi watatu."

Kipkirui alipiga hesabu papo hapo, hasira ikimchemka. Robo, na theluthi ya robo. Inakuja theluthi. Angegawa hivyo tangu siku ya kwanza, saa hii angekuwa barabarani.

Mama alikuwa nyuma yake na mtungi.

"Mama, mwambie huyu!"

"Nimwambie nini? Mimi bado napumua, na nyinyi mmeshanigawanya mara mbili."

Honi ya pili. Mgongo ulikuwa unahisi joto la majani.

"Haya! Theluthi! Chukueni!"

Johana akafungua, polepole, kama mtu anafungulia ng'ombe.

"Leo pita," akasema. "Ya kesho utakuja kuuliza."

Kipkirui akapita akikimbia. Nyuma akasikia waya ya kageti ikirudishwa kwa msumari.