Ripoti Tupu Kutoka Kilwa Masoko

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia nikichechemea. Viatu alininunulia mjomba kwa ajili ya kazi hiyo, na mjomba alikuwa amepima mguu wangu kwa macho. Mkuu wa Kituo cha Simu pale Lindi, mzee mfupi mwenye kaunda suti iliyopauka mabegani, aliniangalia toka chini mpaka juu akasema, "Vua. Mitambo haioni miguu." Basi ufundi wa simu nilianza kujifunza nikiwa na soksi, na moja ilikuwa na tundu.

Vijana wanaoniuliza siku hizi hudhani simu ilikuwa ni kifaa tu cha mezani. Nyuma ya kile kifaa kulikuwa na chumba kizima. Mteja alinyanyua mkono wa simu, taa ikawaka kwenye ubao, opereta akamwuliza anamtaka nani, kisha akachomeka waya kwenye tundu la njia inayohusika. Kila njia ya kwenda mji mwingine ilikuwa na kihesabio, kijisanduku chenye tarakimu za kuzunguka. Simu ikipita, tarakimu inaongezeka moja. Kwa vihesabio hivyo tulijua njia ya Mtwara imeelemewa au ya Nachingwea imelala.

Jioni ya siku hiyo ya kwanza Mkuu wa Kituo alinisimamisha mbele ya vihesabio. Akanifundisha kusoma kila kimoja, kuandika kwenye daftari la zamu, kutia sahihi, kisha kuzungusha kile kigurudumu cha pembeni mpaka tarakimu zote zirudi sufuri.

"Kwa nini tunarudisha sufuri, Mzee?" nikauliza.

"Anayekuja zamu ya pili atajuaje kazi yake ni ipi na yako ni ipi? Mwenzako akute meza safi. Ukimwachia meza chafu, mimi na wewe tutakosana."

Sikutaka kukosana naye. Kwa miaka yote niliyokaa chini yake sikuwahi kuondoka bila kurudisha sufuri. Hata nilipokuwa na homa, hata siku ya harusi yangu, maana nilifanya zamu ya asubuhi kwanza ndipo nikaenda kuoa. Mke wangu alisikia habari hiyo baadaye na bado hajanisamehe vizuri.

Nilipopata uzoefu nilipelekwa Nachingwea, kisha Kilwa Masoko, nikiwa fundi wa kituo. Kilwa ndiko nilikomkuta Bi Somoe, opereta, mwenyeji wa Pande, mwanamke mwenye sauti ya taratibu na mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote aliyewahi kushika daftari la shirika letu. Nilimfundisha kazi ya vihesabio kama nilivyofundishwa, kwa maneno yaleyale. Meza safi. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, na sikuhitaji kumwambia mara ya pili. Nami sikujua kwamba siku hiyo nilikuwa napanda mbegu ya balaa.

Ikaja miaka ya soko huria. Kwetu sisi watu wa simu ilikuja na mambo matatu kwa pamoja: kampuni za simu za mkononi, maneno ya "mwekezaji", na orodha ya watu wa kupunguzwa. Hiyo orodha hakuna aliyeiona, lakini kila mtu alikuwa na ndugu aliyemfahamu mtu aliyeiona. Ubao wa waya ulikuwa umeshang'olewa zamani. Mimi nilikuwa nimerudishwa Lindi na kupelekwa kozi ya kompyuta nikiwa na mvi, na niliporudi nikapewa cheo cha Fundi wa Mtandao wa Mkoa. Cheo kirefu, mshahara uleule.

Kazi yangu kubwa ya kwanza katika cheo hicho ilikuwa kufunga seva Kilwa Masoko. Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine. Ile yetu ilisimama mlangoni, kila kinachotoka na kuingia kwenye mtandao wa Kilwa kikipita kwake: ofisi za wilaya, hospitali, hoteli mbili, na chumba chetu wenyewe cha intaneti ambacho watu wa mjini walikuja kuandikia barua pepe. Iliendeshwa kwa Linux, mfumo usio na mapambo. Unaandika amri kwenye kioo cheusi, nao unajibu au unanyamaza. Nami niliupenda kwa sababu moja: ulikuwa na vihesabio. Kila kipande cha taarifa kilichopita, tulichokiita pakiti, kilihesabiwa kwenye mstari wa mteja wake. Na kulikuwa na amri fupi ya kuvirudisha sufuri. Nilipoigundua nilicheka peke yangu kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni.

Bi Somoe, ambaye sasa alikuwa mhudumu pekee wa kituo kile, nilimwandikia amri mbili kwenye kipande cha karatasi, ya kusoma na ya kusafisha, nikakibandika pembeni ya kioo. Nikarudi Lindi nimeridhika.

Baada ya muda makao makuu yakataka ripoti. Mhandisi mmoja huko Dar es Salaam alitunga programu ya kusoma vihesabio vya kila kituo saa kumi na mbili jioni na kutuma matokeo kwa Meneja wa Mkoa na kwa wakubwa. Aliiweka kwenye seva akiwa hukohuko Dar, kupitia mtandao. Mstari usio na kitu, au wenye kidogo mno, programu iliuruka. Ripoti za Lindi mjini zikaja zimejaa. Za Kilwa Masoko zikaja na kichwa cha habari, tarehe, na chini yake hakuna kitu.

Miezi mitatu ripoti zilikuja hivyo na hakuna aliyejali, kwa kuwa tuliambiwa ni majaribio. Kisha asubuhi moja ya Jumatatu Meneja wa Mkoa akaniita. Alikuwa mtu wa kutoka wizarani, mpole, mwenye tai, na uso wake siku hiyo ulikuwa wa mtu asiyelala.

"Mzee Chilumba, Ijumaa nina kikao na makao makuu. Vituo visivyo na kazi vinafungwa. Hizi karatasi zinasema Kilwa hakuna mtu anayetumia mtandao wetu."

"Wapo, Bwana Meneja. Hospitali tu peke yake—"

"Najua wapo. Wewe unajua, mimi najua. Karatasi haijui. Kituo kikifungwa, yule mama atapunguzwa, na nina hakika haitaishia kwake."

Nikarudi mezani kwangu nikaanza kutafuta. Kwanza niliiita seva ya Kilwa kupitia mtandao kuona kama ipo hai. Ikajibu. Nikatazama kama diski imejaa, maana diski ikijaa programu hukosa pa kuandika. Nafasi ilikuwepo tele. Nikafungua kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia yenyewe, nikaona programu imeamka kila siku saa kumi na mbili kamili, haijakosa hata siku moja. Mwisho nikaiendesha programu kwa mkono, saa tano ile ya asubuhi. Ripoti ikatoka imejaa, mistari yote, hospitali ikiongoza.

Nilitoa macho. Asubuhi imejaa, jioni tupu. Hapo nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu. Nilikumbuka kwamba mashine ikizimwa na kuwashwa tena, vihesabio huanza upya, nikaenda mbio kwa Meneja nikamwambia, "Nadhani mhudumu anazima mitambo mchana na kwenda zake, halafu anawasha jioni." Meneja akaandika kwenye kijitabu chake. Nilimwona akiandika.

Nilipotulia ndipo nikaiuliza seva swali ambalo ningeliuliza mwanzo: umekaa macho muda gani? Ikajibu kwamba haijazimwa kwa zaidi ya miezi mitatu. Nilikuwa nimemsingizia mtu ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kazi. Chai ya saa nne ilikuwa bado mezani na sikuweza kuinywa.

Kesho yake alfajiri nikapanda basi. Barabara ya wakati ule ilikuwa ya vumbi na mashimo, tukapita Mchinga jua linachomoza, na Nangurukuru nikashuka nimekuwa mwekundu mpaka kope. Nikapata gari la kwenda Masoko. Alasiri nikawa mlangoni kwa kituo.

"Shikamoo, Fundi," Bi Somoe akasema. "Mbona hukusema unakuja, nikakuwekea hata maji ya kuoga?"

"Marahaba, Bi Somoe. Safari ya ghafla. Endelea na kazi yako, mimi nimekuja kutazama mashine tu."

Nikaketi pembeni. Chumba kilikuwa kinang'aa. Seva ameifunika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe kwa uzi, ila sehemu ya kutolea joto ameiacha wazi, nikamshukuru kimoyomoyo. Watu waliingia na kutoka. Hakuzima kitu, hakuondoka, hata kula alikula palepale kwenye kiti. Nilizidi kujisikia vibaya.

Saa kumi na mbili kasorobo akamtoa mteja wa mwisho kwa maneno matamu, akafunga mlango wa chumba cha intaneti. Akavuta droo, akatoa daftari kubwa la jalada gumu. Akaandika amri ya kwanza, tarakimu zikajaa kiooni. Akazinakili zote, mstari mmoja mmoja, akitembeza rula chini yake. Akatia sahihi. Kisha, bila hata kutazama kile kikaratasi, akaandika amri ya pili na kugonga kitufe. Tarakimu zote zikawa sufuri.

Dakika chache baadaye programu ya makao makuu ingeamka na kukuta meza safi.

Nilicheka, halafu nikagundua kwamba sicheki vizuri.

"Bi Somoe, nani alikufundisha kufanya hivi?"

Alinitazama kama mtu anayeogopa kwamba mgonjwa ameanza kuweweseka. "Si wewe, Fundi?"

"Lakini upo peke yako. Hakuna zamu ya pili. Unamkabidhi nani?"

"Namkabidhi Somoe wa kesho," akasema. "Na yeye hapendi kukuta uchafu."

Nikamwomba daftari. Miezi mitatu yote ilikuwa mle, siku kwa siku, kwa ule mwandiko wake. Hospitali, wilaya, hoteli, chumba cha intaneti. Kila kitu ambacho ripoti zilikosa kilikuwa ndani ya droo, na mwisho wa kila ukurasa kuna maneno mawili: *Meza safi.* Nilihisi mzigo unashuka mabegani, nikasema alhamdulillahi kwa sauti, naye akaitikia bila kujua tunashukuru nini.

Nilimweleza yote. Nikamweleza pia niliyoyasema kwa Meneja, maana nisingeweza kulala mjini kwake nikiwa nimeyaficha. Alikunja pindo la mtandio wake.

"Uliniona mimi mtu wa kuzima na kwenda zangu, Fundi?"

"Sikukuona. Ndiyo kosa lenyewe. Nilisema kabla ya kutazama."

"Basi ukirudi, kaseme tena," akasema. "Palepale ulipolisemea la kwanza."

Jumatano tulirekebisha mambo. Nilibandua kile kikaratasi, nikaandika mwenyewe kwenye programu kwamba vihesabio vitasafishwa na mashine baada ya ripoti kutumwa. Bi Somoe hakufurahi, alisema mashine inamnyang'anya kazi yake ya mwisho ya siku, tukakubaliana aendelee kuandika daftari. Saa kumi na mbili tulisimama wote wawili mbele ya kioo tukingoja. Ripoti ikatoka. Kurasa mbili. Alizisoma zote kwa kidole mpaka chini kabisa.

Alhamisi nikarudi Lindi na daftari limefungwa ndani ya kanga. Nikaliweka mezani kwa Meneja, nikasema, "Mhudumu wa Kilwa hana kosa. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyemfundisha kufuta. Na niliyokwambia Jumatatu ni uongo. Naomba uyafute kwenye kijitabu chako."

Alifungua daftari, akapindua kurasa, akapindua tena. "Kwa hiyo Kilwa ipo."

"Ipo, Bwana Meneja."

Akatoa kijitabu mfukoni, akachana ukurasa mzima, akanipa niushike mwenyewe. Halafu akalegeza tai. Ijumaa alikwenda kwenye kikao na daftari lile kwapani, kituo hakikufungwa, na daftari likarudishwa kwa mwenyewe Kilwa. Mimi nilingoja barua yangu ya kupunguzwa kwa wiki kadhaa. Haikuja, na usingizi ukarudi.

Nilitumikia mpaka umri wa kustaafu ukanikuta kazini, jambo ambalo si wengi wa rika langu walilipata. Wanaonirithi wana mitambo inayojipima na kujitengeneza, na sina la kuwafundisha kuhusu hiyo. Nawaambia moja tu: mtambo ukileta jibu tupu, kabla ya kumtaja mtu, nenda ukaketi naye mpaka saa ya kufunga.

Siku yangu ya mwisho, ofisini kulikuwa na soda na hotuba. Katikati ya hotuba dereva wa basi la Kilwa akaleta bahasha nene. Ndani yake kulikuwa na daftari lilelile la jalada gumu, na barua hakuna. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Mwandiko haukuwa umebadilika.

*Nimepokea zamu kutoka kwa Fundi Chilumba. Nimekuta meza safi.*

Na chini yake, sahihi yake.