Grafu ya Ukurasa wa Tisa

Pale Nkwenda ukitaka kadi ya harusi, kalenda ya kigango cha kanisa au ripoti ya chama cha wakulima, utaelekezwa kwa Evaresta. Kibanda chake kiko nyuma ya maghala ya wanunuzi wa maharage: kompyuta moja, mashine moja ya kutolea kopi, na kiti cha mteja ambacho mguu wake mmoja umewekewa karatasi zilizokunjwa. Usanifu hakuusomea popote. Alijifundisha kwa kufungua kazi za watu na kuchungulia zilivyoundwa, maana ni mtu asiyeweza kukiona kitu kimefungwa akakiacha kimefungwa.

Somo moja alilipata kwa machozi. Mwaka wake wa kwanza alipeleka kadi za harusi kwa mchapaji wa Bukoba, na kwa kuwa kompyuta ya kule haikuwa na aina ya herufi alizotumia, jina la bibi harusi likatoka limekatika vipande viwili. Tangu hapo, kila akimaliza kazi, aliyageuza maneno yote ya kwenye michoro kuwa maumbo. Herufi haibaki herufi tena, inakuwa mchoro kama jani au duara, na hakuna kompyuta itakayoisogeza. Alijisifia sana ujanja huo, hata kwa watu wasioelewa anachosema.

Miaka tisa baadaye alitengeneza ripoti ya chama cha wakulima kuhusu mnyauko wa migomba. Kurasa kumi na mbili, na ule wa tisa ulikuwa na grafu: vitongoji vinne, mistari minne ya rangi, kila mmoja ukionyesha mwezi kwa mwezi ni migomba mingapi kati ya mia iliyougua. Wanachama walishakubaliana kwamba kitongoji chenye mstari wa juu kuliko yote kitang'oa migomba yake yote, mizima na migonjwa, ardhi ipumzike kabla ya kupanda miche safi. Karatasi zikagawiwa, PDF ikatumwa kwenye kundi la simu, mkutano ukawekwa Jumamosi. Mstari wa juu ulikuwa wa Nyakahita.

Alhamisi asubuhi bodaboda ikasimama mlangoni, akashuka Mwalimu Celestin wa Nyakahita. Ni mstaafu, na macho yake yalizimika miaka sita iliyopita kwa presha ya macho. Evaresta akamwamkia shikamoo, akamwongoza hadi kwenye kiti. Mwalimu hakuja kugomba. Aliweka simu yake mezani, akaigusa, nayo ikaanza kuisoma ile ripoti kwa sauti, mbio mbio, kwa Kiswahili chake cha puani. Ukurasa wa nane ukasomwa wote. Ukurasa wa tisa simu ikasema, "Picha," kisha ikaenda zake ukurasa wa kumi.

"Binti, kurasa kumi na moja nimejisomea mwenyewe," alisema. "Huu mmoja ndio unaoning'olea migomba, na ndio nilioambiwa kwa midomo ya watu. Nataka niusikie."

Alimweleza kwamba kibanja chake, shamba la migomba, alikirithi kwa babu yake, na kila asubuhi anakipita akishika mgomba mmoja mmoja. Pale Nyakahita ua dume la mgomba wanalivunja kwa kijiti chenye panda, na kisu kikikata mgomba mmoja kinapitishwa motoni kabla hakijagusa mwingine, ili ugonjwa usiambukizwe. Hakusema kwamba kuna mtu amedanganya. Alitaka tu kujua walishindwa wapi.

Evaresta aliona haya, lakini udadisi ulimzidi. Alirudi kwenye nakala ya zamani ya grafu, ile ambayo maneno yake yalikuwa bado maneno, akamrushia Mwalimu kwenye simu. Simu ikabwata: sifuri, Novemba, Rwenkende, ishirini, Machi, kumi, Nyakahita. Mwalimu akacheka, akasema hilo ni darasa la kwanza likiulizwa swali. Evaresta naye akagundua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: simu ilikuwa inasoma vitu kwa mpangilio ule ule alioviweka yeye siku ile, na siku ile alikuwa akirukaruka. Akavipanga upya. Kichwa cha habari kikatangulia, kisha miezi, kisha namba, kisha majina.

Ikawa nafuu, ila bado haikutosha, kwa sababu mstari wenyewe hauna neno la kusomwa.

"Hebu niambie wewe, mstari unasema nini?" Mwalimu aliuliza.

Evaresta akaisogelea kompyuta. Miaka yote hiyo amechora grafu za watu, akazipaka rangi, akazinyoosha, na hajawahi kusoma hata moja. Katika kupekua alikuta mahali pa kuandika maelezo nyuma ya mchoro, maneno ambayo jicho haliyaoni ila simu inayasoma. Alivutiwa kama mtoto. Ili aandike, ilimbidi afungue jedwali alilopewa na bwana shamba, Deodatus, na kusoma namba moja baada ya nyingine.

Jedwali lilisema Nyakahita ilishuka, kutoka migomba kumi na minane kati ya mia hadi minne. Rwenkende ilipanda, kutoka sita hadi thelathini na mmoja. Akatazama grafu iliyogawiwa. Mstari wa juu ulikuwa na jina la Nyakahita.

Hapo akakumbuka. Deodatus alimwomba dakika za mwisho asogeze majina yakae karibu na ncha za mistari, na wakati huo alikuwa ameshayageuza kuwa maumbo. Aliyabeba kama mtu anayehamisha mawe, na jiwe halijui ni la shamba la nani. Mawili yakabadilishana nafasi.

Rwenkende ni kwao. Mama yake, Nikuze, anaishi pale peke yake, na kibanja kile ndicho kilichomsomesha Evaresta. Tusimpambe: aliogopa, akatamani kuifunga kompyuta. Mzee aliyekuwa mbele yake haoni, na waonao wote walishapitisha karatasi bila kuuliza. Akirekebisha, atamng'olea mama yake migomba, na nusu ya mkutano itauliza imekuwaje kosa likamwangukia jirani na kumwacha mama wa mchoraji. Hata yeye alijiuliza kama mkono wake ulijua jambo ambalo kichwa hakikulijua.

"Umeona nini?" Mwalimu aliuliza.

"Nimekosea, Mwalimu. Ngoja niandike, simu ikusomee yenyewe."

Aliandika sentensi nne. Mwalimu akaisikiliza simu mara tatu, mkono juu ya goti. Evaresta alidhani atafurahi, lakini mzee akauliza kama Rwenkende si kwao. Evaresta akaitikia. Mwalimu akamshauri ampigie mama yake kwanza, kundi lisubiri.

"Nikimpigia kwanza, sitatuma," alisema Evaresta.

Akaituma PDF mpya kwenye kundi, akaandika chini yake kwamba kosa ni lake peke yake. Ndipo akapiga simu. Alieleza yote kwa mkupuo, majina, mistari, mkutano wa Jumamosi, akaomba radhi. Mama hakulia wala hakubisha. Alisema amejua tangu mwezi wa pili: akikata mgomba unatoa usaha wa njano, na ndizi zinaiva hazijakomaa. Karatasi ilipofika na jina la Nyakahita juu, hakumwambia mtu.

"Nilidhani umeyabadili majina makusudi kunikinga, mwanangu," alisema. "Kila jioni nimekuwa nikisali rozari, Mungu akusamehe."